Siku Adjudant Ruphin Alipokataa Kuwa Mgonjwa

Mimi nimeona mengi hapa Kisangani, lakini mtu kuingia ofisini na mguu mmoja na kutoka na miguu miwili, tena yenye muhuri wa serikali, hilo nimeliona mara moja tu. Na usifikiri ni mambo ya maombi ya uponyaji. Hakuna mchungaji aliyepiga kelele, hakuna mama aliyeanguka chini. Ni adjudant Ruphin mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyejiponya mbele ya mashahidi, na ilimchukua sekunde mbili.

Ngoja nieleze polepole, maana nikianza kukasirika nitaruka mambo.

Ruphin Lifoko ni mtu wa Yanonge, lakini anakaa kwetu commune ya Tshopo tangu zamani. Alitumika jeshini miaka ishirini na miwili. Mguu wake wa kushoto unaishia chini kidogo ya goti tangu miaka sita iliyopita, kwenye barabara ya Ubundu, pale lori la jeshi lilipopinduka na magunia ya maharage yakamshukia yote. Yeye akisimulia, lilikuwa bomu. Kwa wageni wa Kinshasa yalikuwa mabomu mawili. Sisi majirani tunajua ni maharage, na kwa heshima tunanyamaza, ingawa siku mke wake Florentine akiyapika, kuna wahuni hupita mbele ya parcelle, yaani kiwanja chao, wakisema "Pole, adjudant!" na kukimbia.

Jeshi lilimpa magongo mawili. Mguu wenyewe alipewa na tonton Jérémie, mjomba wa Florentine, fundi wa kuchonga mitumbwi kule Yanonge. Tonton Jérémie hajawahi kuchonga mguu maishani mwake, kwa hiyo alichonga kile anachokijua. Ukatoka mguu mwepesi, mnyoofu, laini, umepakwa mawese mpaka unang'aa, na ukiuweka majini unaelea. Usiniulize najuaje. Watoto wa avenue waliujaribu siku moja, ukaondoka na mkondo, tukaufuata nusu siku.

Ndani ya suruali, na kiatu kimevishwa vizuri, hakuna mtu angeweza kujua. Ruphin alitembea nao kama waziri.

Kwa hiyo shida yake haikuwa mguu. Shida yake ilikuwa kiti. Kiti cha plastiki cha bluu, kando ya mlango wa nyumba yake, ambacho alikikalia asubuhi mpaka jioni kwa miaka sita. Florentine alitoka na beseni lake la chikwangue, mikate ya muhogo ya kuuza, akarudi na beseni tupu, na Ruphin alikuwa palepale. Wageni walimsalimia harakaharaka, kisha wakamzunguka kama watu wanaozunguka mtungi. Hakuna aliyemuuliza kitu chochote. Na mtu ambaye amepiga kelele mbele ya watu mia moja na ishirini kila asubuhi, ukimzunguka kama mtungi, anaumia. Aliumia sana, yule mzee, na hakumwambia mtu.

Kitu kimoja kilikuwa kikimpa usingizi. Kule hospitali, katika ile miezi mirefu, mama mmoja wa usafi alimpa sindano na uzi ili atulize mikono. Ruphin akashona shuka lake lililochanika. Kisha la jirani. Kisha mashuka ya wodi nzima, na mapazia, na koti la daktari ambalo halikuwa limechanika. Tangu siku hiyo alitaka kuwa fundi wa nguo. Alitaka cherehani, alitaka mita shingoni, alitaka watu waseme, "Peleka suruali yako kwa Ruphin." Hicho tu. Si mengi, lakini alikitaka mpaka kifua kinambana.

Basi radio ilipotangaza kwamba tume imekuja mjini kuwapokea askari wa zamani walioumia kazini, kwamba atakayekubaliwa atapewa posho ya ulemavu na nafasi ya kujifunza kazi, na kwamba atelier, karakana ya ushonaji, inafunguliwa Jumatatu ijayo, Ruphin aliinuka kwenye kile kiti kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

Hapo ndipo Florentine alipofanya kosa la kwanza. Simlaumu, sisi wote tungefanya vilevile. Kwetu mtu haendi mbele ya serikali akiwa na sura ya shida. Kwenda ofisini ni kuvaa! Alimpigia pasi shati jeupe, akaweka mkunjo kwenye suruali ambao ungeweza kukata mkate, akasugua viatu vyote viwili, hata kile ambacho hakina mtu ndani. Alimnyoa ndevu. Alimpulizia marashi.

"Sasa unafanana mutu," akasema. "Uende, wakuone."

Wakamwona.

Tume ilikuwa imekodi nyumba ya zamani karibu na soko, yenye korido ndefu na benchi moja. Jumanne ile walikaa pale watu tisa, wote askari wa zamani, wote wamepigwa pasi. Mahmoudi alikuwepo, rafiki mkubwa wa Ruphin, mtu wa Kasongo aliyepoteza mkono wa kuume, na mkono wa shati lake alikuwa ameujaza matambara na kuuvalisha glavu nyeupe. Alikuwepo mwingine asiyeona kwa jicho moja, amevaa miwani nyeusi ya kupendeza. Ungepita pale ungedhani ni kamati ya harusi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pana ujinga wenyewe. Katika bataliani ya hawa wazee, kila alfajiri kulikuwa na kusimama mistari, na mkubwa aliuliza hali ya kila mmoja. Aliyesema ni mgonjwa alipewa kazi ya kuchimba vyoo, kwa sababu, alisema mkubwa, mgonjwa hana kazi nyingine siku hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili watu wale waliamka na malaria, na meno, na majipu pabaya, na wakajibu neno moja: Apte! Yaani niko fiti, niko tayari. Neno hilo halikupitia tena kichwani. Lilitoka lenyewe, kama chafya.

Saa tatu mlango ukafunguka. Akatoka Major Faustin, mwenyekiti wa tume, mwembamba, kofia sawasawa, kalamu tatu mfukoni. Benchi zima likaruka juu. Magongo yakaanguka, puu, paa. Glavu ya Mahmoudi ikaruka ikatua kwenye ndoo ya maji.

"Adjudant Lifoko!"

"Présent, mon major!"

Ruphin akaingia kwa hatua za gwaride, ule mguu wa Jérémie ukipiga sakafu kwa sauti nzuri kabisa, akagonga visigino, akapiga saluti. Mezani alikuwepo Major, karani wake Lambert, na kwenye meza ya pili kwenye kona Docteur Naomie, msichana mwenye macho ya kucheka, na mbele yake kipimo cha moyo, mita, na karanga kwenye gazeti.

"Question ya kwanza," akasema Major bila kuinua macho. "Hali yako, adjudant?"

"Apte, mon major!"

Kalamu ikaandika. Muhuri ukashuka.

"Muzuri sana. Wa pili!"

Alipofika koridoni Ruphin bado alikuwa na tabasamu. Alifikiri amepita. Tena alijisikia kijana, ulimi mtamu, kifua mbele. Mahmoudi akaingia, akatoka anatabasamu. Wote tisa wakaingia, wote tisa wakatoka wanatabasamu. Ndipo Lambert alipokuja na karatasi, akawagawia, na Ruphin akasoma yake mara moja, akaisoma tena, akamwomba Mahmoudi amsomee.

Ilisema kwamba mhusika ametangaza mwenyewe kuwa mzima wa viungo vyote. Kwamba ombi la posho na la mafunzo limefungwa. Na kwamba, kwa vile ni mzima, ajitokeze kambini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na viatu viwili, kwa zamu ya ulinzi.

"Lambert, mwana wangu," Ruphin akasema, sauti imeshuka mpaka tumboni, "iko erreur. Miye sina mguu."

"Papa, miye naona," akasema Lambert, na kweli alikuwa akiona, maana Ruphin alikuwa amekwisha kukunja suruali. "Lakini règlement iko vile. Mutu anajitangaza mwenyewe. Akisema anaumwa, anaenda kwa docteur. Akisema iko apte, dossier inafungwa. Docteur hajaona hata mutu moja leo. Anakula karanga tu."

"Alors?"

"Alors, recours iko, kama rufaa. Mpaka vendredi saa sita ya muchana. Mukuje, museme upya."

Ndiyo hivyo, askari tisa wazima wakachukua magongo yao, macho yao na mikono yao, wakarudi makwao kwa aibu.

Florentine alisoma ile karatasi akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye beseni lililogeuzwa, akacheka. Alicheka mpaka machozi, akijipiga mapaja, akisema "Ekie, mama! Viungo vyote! Jérémie atafurahi!" Kisha kicheko kikakatika ghafla, akamtazama mume wake, na hasira ikapanda.

"Ruphin. Walikuuliza hali yako, weye ukasema nini?"

"Nilisema... ilitoka yenyewe."

"Lundi watakupeleka kulinda! Utalinda nini? Utakimbiza mwizi na mtumbwi?"

Ruphin alikuwa anatazama kile kiti cha bluu, na nakuambia, alikiogopa kuliko kambi. Kambini watamfukuza wiki ya kwanza, watacheka, watamrudisha. Lakini kiti kitamchukua moja kwa moja. Atelier itaanza bila yeye, na tume itahama mji.

"Florentine," akasema, "unisaidie. Nataka ile kazi. Naitaka sana."

Mwanamke akavuta pumzi. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria kichwani. "Bon. Miye ni Major. Simama. Hali yako, adjudant?"

"Apte!"

"Aka! Upya. Hali yako?"

"Apte!"

"Weye!"

Siku mbili nzima, bwana! Florentine aliuliza kwa upole, aliuliza kwa ukali, aliuliza kwa Kilingala, alimvizia akila. Ruphin aliweza kumwambia kuku kwamba yeye ni inapte, yaani hayuko fiti. Aliweza kuuambia ukuta. Akioga aliliimba neno lile kwa sauti nzuri, tulilisikia mpaka avenue ya pili. Lakini kofia ikitokea tu mbele yake, hata ikiwa ni sufuria yenye masizi, mgongo ulinyooka na ulimi ukamsaliti. Majirani walijaa kwenye ua kutazama. Watoto wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo: mmoja anauliza, kumi wanajibu "Apte!" na kuanguka wakicheka. Hata mimi nilicheka, sikatai, na baadaye niliona haya.

Alhamisi jioni Florentine akabadili vita. Akachukua ule mguu wa Jérémie, akauweka juu ya kabati.

"Kesho unaenda bila ile. Na kaptula. Na miye naenda na weye."

"Mbele ya Major? Na kaptula?"

"Wamezoea kuona suruali. Kesho waone Ruphin."

Ijumaa asubuhi walichukua toleka mbili, zile baiskeli za kubeba watu, Ruphin kwenye ya kwanza, magongo yake yakichungulia upande kama makasia, Florentine nyuma kwenye ya pili akimpigia kelele dereva wa mbele aepuke mashimo. Ruphin alikuwa na kaptula ya kijani ya zamani. Mguu wake mfupi ulikuwa nje, kwenye hewa, mbele ya mji mzima, na tangu Tshopo mpaka sokoni hakumwangalia mtu usoni hata mmoja. Alikuwa amekaza meno.

Benchi lilikuwa limejaa. Wale wanane wengine walikuwepo, safari hii bila pasi, na kila mmoja alikuwa akinong'oneza neno lake peke yake, kama watoto kabla ya mtihani. Umeme ulikuwa umekatika, feni imelala, na kwa sababu ya joto Major alikuwa ameacha mlango wa ofisi wazi.

"Adjudant Lifoko!"

Ruphin akaingia na magongo, Florentine nyuma yake. Karani akataka kumzuia, akatazamwa jicho moja tu, akakaa. Docteur Naomie alikuwa palepale kwenye kona, na gazeti jipya la karanga. Ruphin alipofika mbele ya meza, ile kofia ikainuka, na lo, magongo yakaanguka yenyewe! Mzee akasimama wima kwa mguu mmoja, kidevu juu, mkono kwenye paji la uso, hatikisiki, kama kuku wakati wa mvua.

Major akamtazama muda mrefu. "Kusimama, unasimama muzuri," akasema. "Repos, adjudant. Recours yako naona. Question ni ileile. Hali yako?"

Chumba kizima kikamngojea. Jasho likamtoka Ruphin kwenye nywele, likapita puani, likaning'inia. Midomo yake ikafunguka, ikafunga, ikajaribu kuanza na herufi nyingine.

"Apte, mon major!"

"Oh, Ruphin," akasema Florentine.

Kule koridoni wakasikika watu wanane wakiguna kwa pamoja.

"Major," akasema Docteur Naomie, akisimama na karanga mkononi, "mguu haiko. Naiona hapa kwamba haiko."

"Docteur, weye unaona. Miye naandika kile mutu anasema." Major akachukua kalamu ya pili kati ya zile tatu, na kwa kweli hakuonekana kufurahi. "Nikianza kuandika kile naona, kesho kila mutu ataandika kile anaona. Règlement itabaki wapi?"

Akashusha kalamu kwenye karatasi. Florentine akasogea. Hakumtazama Major kabisa. Alikuja akasimama ubavuni mwa mume wake, karibu, akasema kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani:

"Ruphin. Leo asubuhi kulikuwa nini?"

Ruphin akageuka. Macho yake yalikuwa yanauliza, sasa kwa nini unaleta mambo hayo hapa?

"Sema tu na miye. Leo asubuhi."

"Nilianguka."

"Na jana?"

"Nilianguka."

"Na juzi?"

Mkono wa saluti ukashuka. Ulishuka kidogokidogo, ukafika kwenye kaptula, ukaishika. "Kila asubuhi," akasema Ruphin, na sauti yake ilikuwa nyingine, sauti ambayo Lambert na Major na hata Mahmoudi hawajawahi kuisikia. "Naamkaka, usingizi iko bado kwenye macho, nasahau. Nafikiri iko miwili. Nasimama vile nilizoea, naweka ule wa kushoto chini, na haiko. Naanguka. Miaka sita. Kila asubuhi kichwa inaniambia mguu iko, na kila asubuhi ninaamini. Najikaza, nanyamaza, nainuka mbio kabla bibi hajaamka. Asijue."

"Najuaka," akasema Florentine.

"Unajua?"

"Kitanda inatikisika, Ruphin! Mutu kama weye akianguka, hata kule ngambo ya mto wanasikia. Nafunga macho tu. Nafanya kama nalala, kwa sababu nilifikiri ukijua kwamba nasikia, utakufa na haya." Na hapo uso wake ukaharibika, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona analia hata msibani. "Miaka sita nafunga macho. Nimechoka kufunga macho, bwana yangu."

Wakatazamana, wale wawili, katikati ya ofisi ya watu. Mmoja kwa mguu mmoja, mwingine kwa kilemba kimeenda upande. Lambert alikuwa anachunguza muhuri wake kana kwamba ameuona leo kwa mara ya kwanza. Docteur alikuwa ameacha kutafuna.

Major Faustin akaondoa kofia, akaiweka mezani, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Yote ile," akasema, na akakohoa, "yote ile, adjudant, haina kisanduku hapa kwenye karatasi. Visanduku iko mbili. Unisaidie. Neno moja tu."

Ruphin akavuta hewa. Alimtazama Major, akatazama kofia mezani, akamtazama Florentine. Halafu akasema taratibu, bila kupiga kisigino wala kuinua kidevu, kama mtu anayetaja jina lake:

"Inapte, mon major."

Kalamu ikaandika. Docteur Naomie akaruka na mita yake na kipimo chake kwa furaha kubwa, karanga zikamwagika kila upande, maana tangu Jumanne alikuwa hajagusa mgonjwa. Alipima goti, akapima paja, akapima na mguu ule mzima, akaupongeza. Kwenye swali la sababu ya kuumia, Ruphin alimtazama mke wake, akakwaruza kichwa, akasema, "Maharage." Lambert akauliza yanaandikwaje kwa Kifaransa ili yaonekane ya kijeshi, na Major akasema aandike tu chakula cha jeshi. Muhuri ukashuka. Posho ya ulemavu, ndiyo. Atelier ya ushonaji, Jumatatu saa mbili, ndiyo.

"Wa pili! Sergent Mahmoudi!"

"Inapte, mon major!" akanguruma Mahmoudi kutoka koridoni, kabla hata ya kuingia, kabla hata ya kuulizwa, kwa sauti ya uwanja wa gwaride. Na nyuma yake wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa mstari, kama alfajiri za zamani: "Inapte!" "Inapte!" "Inapte kabisa!" Wamama wa sokoni wakaacha samaki zao wakaja kuchungulia dirishani. Yule wa jicho moja alipiga kelele mpaka miwani ikaanguka. Watu wanane wakitangaza ugonjwa wao kwa kiburi kile, sijui kama dunia imewahi kusikia.

"Na weye, Major?" akauliza Docteur Naomie akicheka. "Ile mugongo yako ya juzi?"

"Apte!" akajibu Major Faustin, na akaziba mdomo.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijaingia vizuri chumbani, Ruphin aliamka, akasahau, akasimama, akaanguka. Puu! Goti likapiga saruji. Kwa mazoea akajikunja, akashika ukingo wa kitanda, tayari kuinuka mbio kabla ya mtu kujua.

"Umeumia?" akauliza Florentine kutoka kitandani.

Neno la zamani lilifika mpaka kwenye meno. Likasimama pale. Ruphin akaliangalia lile goti.

"Kidogo," akasema. "Hapa kwenye goti."

Kitanda kikalia. Florentine akashuka, akavuta kanga, akaja kukaa naye chini kwenye saruji baridi, mgongo kwenye kitanda, bega kwa bega, akaanza kulisugua lile goti kwa kiganja. Walikaa hivyo mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika, na hakuna aliyeharakisha mwenzake kuinuka.